Miti Niliyosema Naijua

Jumanne, 4 Machi

Lucky amerudi kutoka shuleni na kazi ya miti. Mwalimu wao wa baiolojia anataka kila mwanafunzi wa kidato cha pili apeleke miti ishirini ya asili ya nchi hii: jina la kila mmoja, kipande cha jani au gamba, na wazee waliutumia kwa kazi gani. Mwisho wa kupokea ni mwishoni mwa Mei. Nikamwambia, "Ishirini tu? Mama yako mtoto wa mlimani. Hiyo naijua yote."

Akafurahi mpaka nikajionea fahari. Akanipa daftari hili, eti mwalimu amesema mzazi anayesaidia naye aandike anachojifunza. Naandikia dukani, juu ya boksi la viatu vya watoto, msaidizi wangu Stella akihudumia wateja. Jioni nimemtajia kumi na miwili bila kuvuta pumzi. Mwembe, muarobaini, mkorosho, mpera, mkaratusi, mkungu, mkwaju, na mingine.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua toka asubuhi. Mtaa wetu wa Mchikichi, hapa Kariakoo, umejaa maji hadi kwenye ngazi. Hakuna mteja.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu amekata kumi na mmoja. Mwembe umetoka India. Muarobaini, India. Mkorosho, Brazili. Mpera, hukohuko Amerika. Mkaratusi, Australia. Kwa kalamu nyekundu ameandika pembeni: "Hii ni miti ya kuja." Umebaki mkwaju peke yake.

Lucky aliliweka daftari lake mezani mbele yangu, limefunguliwa ukurasa huo, akaenda kuoga.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Benedikta. Huyu ni mama wa Masasi anayeuza magamba na mizizi kwenye kona ya mtaa wetu, meza moja na mwavuli. Miaka saba nimempita kila siku na salamu ya mkono tu. Kusema kweli nilimwona tapeli. Nilidhani anachuna mti wowote ulio karibu halafu anauita jina analotaka mteja.

"Muarobaini wa kuja?" akasema nilipomweleza, mkono kiunoni. "Mbona tumezaliwa kijiji kimoja, mimi na yeye?"

"Mwalimu ndivyo alivyosema."

"Haya, mwalimu ana vitabu." Akainua nailoni iliyofunika bidhaa zake, akatoa kipande cha gamba chenye vinundu vigumu kama chuchu za mbuzi. "Hili?"

Nikalishika, nikaligeuza, nikalinusa kama mtu anayekumbuka. "Mninga."

Alicheka mpaka muuza chaji za simu wa jirani akageuka. "Mjafari, Mama Lucky! Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Huu wazee walichemsha gamba lake kwa homa, na vijiti vyake walipigia mswaki."

"Ndicho nilichotaka kusema," nikajibu. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Akamkatia Lucky kipande bure.

Jumamosi, 15 Machi

Umeingia mzigo kutoka kwetu mlimani, Kibosho. Mkungu mmoja wa ndizi mshare ndani ya kiroba, umekuja na basi hadi stendi ya Mbezi, kisha bodaboda hadi dukani. Jina la mtumaji ni Isidori.

Isidori ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Huu mwaka wa pili hatusemezani, tangu alipoukata mringaringa wa baba. Watoto wa kike haturithi kihamba, shamba la ukoo, hilo nimekua nalijua na sijawahi kulililia. Lakini nilipokuwa darasa la sita baba alinishika mkono akanipeleka chini ya mringaringa ule, uliobeba mizinga yake ya nyuki, akaniambia, "Huu wako." Kitanda changu cha harusi mbao zake zilitoka kwenye tawi lake moja. Baba akafa, na kabla mwaka haujatimia Isidori akauangusha. Siku ya misa ya mwaka nilimwambia mbele ya ukoo mzima, "Kuanzia leo sina ndugu Kibosho." Nikapanda gari sijala.

Leo ananitumia ndizi. Stella alikata kamba. Juu ya ndizi kulikuwa na majani mawili marefu, mabichi, yanang'aa, yamefungwa pamoja fundo.

"Mama Lucky, haya ya nini?"

"Ya kuzuia ndizi zisichubuke," nikamjibu. Utomvu ulikuwa umechuruzika kwenye kaunta, nikayachukua hayohayo nikafutia, nikayatupa kwenye ndoo ya taka. Lucky alikuwepo, ametoka masomo ya Jumamosi, alikuwa anavua sare.

Tumepika mtori. Ndizi nzuri. Sikumpigia kushukuru. Kama ana neno, simu anayo.

Jumatano, 19 Machi

Benedikta katuonyesha mdaa. Mizizi yake kwao walichemshia ukindu ili mkeka uwe mweusi, na kina mama walitafuna kusafisha meno, midomo ikabaki imekolea. Lucky katafuna, karudi nyumbani midomo kama ya mwigizaji. Tumecheka. Mti wa tano huo.

Jumatatu, 24 Machi

Mpingo, mninga, mkongo, mtonga. Nimeanza kwenda kwenye kona ile hata bila Lucky, saa nane mchana wateja wakipungua. Benedikta haandiki popote. Anashika, ananusa, wakati mwingine anagusa kwa ulimi halafu anatema. Leo kijana alimletea gunia la magamba, akalifungua, akamrudishia. "Umechuna mti ukauzunguka wote. Huo umeshakufa. Sinunui maiti." Kijana akabembeleza, wapi.

Na mimi nilimwita tapeli.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumeuza viatu mpaka miguu imevimba. Lucky ana miti kumi na mitatu.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nitaandika yote, hata nisiyotaka kuyasoma.

Miti ya Benedikta imekwisha, ile anayoijua ni ya kusini na ya pwani. Lucky akasema, "Mama, sasa ya mlimani. Wewe si ndiyo kwenu?" Nikasema sawa, ila tumpigie shangazi Severa, kwa sababu wazee wanapenda kuulizwa. Severa ni dada wa marehemu baba, anaishi mita mia kutoka kwa Isidori. Tuliweka simu kwenye spika, Lucky na kalamu yake.

Shangazi alifurahi kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo miaka sabini. Msesewe: gamba lake ndilo linalotiwa kwenye pombe ya mbege, "bila msesewe hiyo si mbege, ni uji wa ndizi." Mfuruanje: kivuli cha kahawa. Mkuyu: haukatwi, maji yanapenda kukaa chini yake. Mringaringa: mizinga ya nyuki, na mbao. Hapo alisita kidogo, akaendelea.

"Na isale," akasema. "Umemwandikia mtoto isale?"

"Isale ni mti, bibi?" Lucky akauliza.

"Ukiuacha unakuwa mti. Tunaupanda mpakani, hakuna anayeuruka. Majani yake marefu, mabichi, yanang'aa. Mtu akikukosea, au ukimkosea, huendi na maneno. Maneno yanaharibu. Unachukua jani la isale unalifunga fundo, unampelekea. Maana yake nimekosa, nisamehe. Na huyo aliyepelekewa hawezi kukataa, hata kama umemuulia mwanawe. Akilitupa amejitupa mwenyewe."

Lucky aliacha kuandika. Mimi nilikuwa naangalia kaunta.

"Fortunata," shangazi akasema, sauti imeshuka. "Spika umeiweka? Itoe." Nikaitoa. "Lile la Isidori lilikufikia? Mimi ndiye niliyemwambia alitume. Alifunga mwenyewe mbele yangu. Wiki ya tatu sasa. Mbona kimya, mwanangu?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema, shangazi, sikulijua. Mimi mama wa miaka arobaini na minne, niliyezaliwa Kibosho nikaondoka na miaka kumi na tisa, sikulijua. Angenisuta, angecheka, angempigia Isidori usiku huohuo na yangeisha. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema:

"Lilifika, shangazi. Ninalo. Nimeliweka ndani."

"Ahsante Mungu," akasema. Alikuwa analia. "Basi umjibu. Amekonda."

Nilipokata simu Lucky alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi. "Mama, si ndiyo yale uliyofutia meza?"

"Nyamaza, Lucky."

Akafunga daftari. Afadhali angejibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimempigia. Ilikuwa simu fupi, naiandika kabla sijaipoteza.

"Dada."

"Isidori."

"Shangazi kaniambia limefika."

Hii ilikuwa nafasi ya pili ya kusema ukweli. Nikasema, "Limefika."

"Ahsante, dada." Akavuta pumzi, nikamsikia anakaa. "Ya simu hayafai. Njoo tule pamoja, tuyamalize. Nina mbuzi nimemfunga."

"Nitakuja Ijumaa Kuu. Pasaka nitakuwa kwako."

"Kweli, dada?"

"Kweli. Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Tumbo tu. Mvua hizi."

Jumatano, 9 Aprili

Kontena letu limekwama bandarini. Karatasi za mzigo zilikosewa kulekule ulikotoka. Mume wangu Elibariki kazi yake ndiyo hiyo, kutoa mizigo, anashinda huko. Viatu vyote vya Pasaka vimo humo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemuomba Benedikta gamba la tumbo, nimtumie Isidori. Nikamweleza: amekonda, tumbo linamsumbua, sauti imekwisha.

Akaweka chini kijaluba chake. "Toka lini?"

"Sijui. Kitambo."

"Sikupi kitu."

"Nalipia, dada Benedikta."

"Sijakwambia hulipi. Mgonjwa sijamwona, tumbo lake sijui lina nini. Mtu anayekonda hivyo anakwenda hospitali, na nduguye anakwenda kumwona. Wewe unakwenda lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Mbona mbali?"

Nilikasirika. Nikamwambia yeye muuza magamba, asinipangie. Nimerudi dukani kichwa kinaniuma. Nitamwomba radhi kesho.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikumwomba. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, siti ya dirishani.

Alhamisi, 17 Aprili

Kontena limetoka! Saa tisa alasiri lori limeingia mtaani, tumeshusha maboksi mvua inatunyeshea, Stella, wapagazi na mimi. Siku mbili tu za kuuza Pasaka zimebaki.

Elibariki alisema, "Wewe nenda kesho. Mimi na Stella tutauza."

"Wewe unajua bei ya kiatu gani?"

"Nitauliza."

"Utauza kwa hasara mpaka mlango wa duka."

Akaweka chini boksi. "Mama Lucky, viatu havifi." Nikampigia Isidori, nikamwambia mzigo umetoka leo, siwezi kuacha duka, nitakuja wiki ijayo bila kukosa.

"Sawa, dada," akasema. Sikusikia hasira. Nilishukuru kwamba hakukasirika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumeuza karibu kila kitu. Nimesinzia kanisani.

Jumanne, 22 Aprili

Mabasi ya jana na leo yamejaa, watu wanarudi kutoka sikukuu na wengine wanakwenda. Nimepata tiketi ya Jumamosi. Lucky kaniuliza mti wa kumi na nane auandikeje, ule wa isale. "Niandike kwamba hukuujua?" Nikamwambia auache, tutafute mwingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Isidori amefariki alfajiri ya leo.

Aliyenipigia ni Vicky, mkewe. Alisema, "Wifi, mdogo wako ametutoka." Kisha akakata kabla sijasema kitu. Nilikuwa nafungua duka. Niliweka kufuli tena mlangoni, likanishinda kufunga, Stella akanifungia.

Jumanne, 29 Aprili, Kibosho

Tumezika leo mchana. Tope lilikuwa jingi, wabebaji waliteleza mara mbili. Kila mtu aliyenishika mkono alisema "pole", nami nikapokea pole kama mtu anayestahili.

Walitupa nyama na ndizi. Nilikuwa nimekwisha kula vipande viwili ndipo mama mmoja wa jirani akasema kwa wema tu, bila kujua, "Kula, mwanangu. Huyu ndiye mbuzi aliyekuwekea. Alimfunga tangu Kwaresima, kila asubuhi anamkatia majani mwenyewe, anakwenda ameshika ukuta." Sikuweza kutema mbele za watu. Nilimeza.

Baada ya watu kupungua nikaenda nyuma ya nyumba, palipokuwa na mringaringa. Nilikuwa sijapaona tangu ukatwe. Kisiki kipo. Katikati kina shimo, ndoo ya lita ishirini inaingia ikasimama, na kuta zake ni unga wa mchwa. Mti mzima ulikuwa ganda. Hatua tano kutoka hapo ndipo jiko la shangazi Severa lilipokuwa wakati ule, yeye na moto wake.

Shangazi alinikuta nimesimama hapo. "Ungemwangukia nani kama si mimi," akasema. "Alikupigia kabla hajaukata. Mara nne alikupigia. Ilikuwa Desemba."

Nakumbuka Desemba ile. Nakumbuka nikimwambia Stella, mkono mmoja kwenye boksi, "Mwambie nitampigia." Nilikuwa na wateja. Halafu nikasikia kwa mtu kwamba mti umekatwa, na katika muda wote ule, siku ya misa nilipopaza sauti, na baada yake, sikuuliza hata mara moja ulikatwa kwa nini. Hakuna aliyenificha. Kilikuwa kisiki, kipo wazi nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka nilipokuwa nimesimama nikitukana.

Alhamisi, 1 Mei, Kibosho

Nimemwambia Vicky.

Alikuwa kwenye zizi, anakatakata migomba ya ng'ombe. Nikamwambia: lile jani la Machi, sikulijua. Nilidhani la kufungia ndizi. Nililifutia meza nikalitupa, halafu nikamdanganya shangazi, nikamdanganya na Isidori kwenye simu. Nilitaka asikie kutoka kwangu.

Panga lilisimama.

"Madaktari walishatuambia Januari," akasema. "Ini. Nikamwambia, mpigie dada yako, mwambie unakufa, atakuja. Akakataa. Akasema, 'Nikimwambia naumwa atakuja kwa huruma, na mkinizika huruma itakwisha. Aje kwa sababu ya isale.' Shangazi alipoleta habari kwamba umelipokea, aliomba maji ya kuoga. Siku ile alikula."

Nikasema, "Angalau aliamini nimempokea."

Vicky akageuka. "Aliamini mpaka Pasaka. Jumamosi ya Pasaka alivaa shati akakaa nje kwenye kiti tangu saa nne. Nikamwambia, wifi kasema wiki ijayo. Akasema, 'Najua. Lakini mtu anaweza kubadili mawazo.' Nilimwingiza ndani saa kumi na mbili, amelowa. Baada ya hapo hakutoka tena."

Akaokota panga akaendelea kukata. Mimi nilisimama pale. Kwa lile jani nina la kujitetea, nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Lakini tarehe kumi na saba Aprili nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua isale ni nini, nilijua amekonda, tiketi ninayo kwenye pochi, mume wangu ananiambia nenda. Hapo hapakuwa na ujinga wowote.

Kesho narudi Dar. Vicky hakuniaga, alikwenda kukata majani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwomba Benedikta radhi. Alikuwa ameshasikia. Alinisogezea kigoda chake akasimama yeye, mvua ikamlowesha bega moja, akaendelea kuuza. Hakuninasihi. Sijawahi kumshukuru mtu kwa kunyamaza kiasi kile.

Jumatatu, 12 Mei

Jangwani kumefurika tena, barabara imefungwa. Nimemtumia Vicky ujumbe. Umesomwa. Hakujibu.

Jumatano, 21 Mei

Nimemtumia mwingine. Umesomwa.

Ijumaa, 30 Mei

Kazi ya Lucky imesahihishwa. Alirudi na daftari, nikalipekua mimi mwenyewe akiwa anakula. Miti kumi na tisa, kila mmoja na gamba au jani lililobandikwa vizuri, maelezo kwa mwandiko wake wa mviringo. Namba kumi na nane ni mstari mtupu. Mwalimu ameandika: "Kazi nzuri sana. Kwa nini mmoja haupo?" na kumpunguzia alama.

"Mbona hukujaza mwingine?" nikamuuliza. "Mbuyu ungeandika. Mkuyu."

"Mkuyu nimeandika, namba kumi na sita." Akaendelea kula. "Ile nafasi ilikuwa ya isale. Uliniambia niiache, nikaiacha."

Nilikaa karibu naye. Nikamwambia yote, hata ya mbuzi, hata ya Isidori kuvaa shati. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, chakula kikapoa, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mjomba alikuwa anafananaje?"

Ndipo nikagundua mwanangu haikumbuki sura ya mjomba wake. Mara ya mwisho kuwa naye karibu alikuwa na miaka tisa. Mazishi ya babu yake na misa ya mwaka vyote vilimkuta kwenye mitihani, na msiba huu sikumchukua, nilimwambia abaki asome. Nikatafuta picha kwenye simu. Zipo za viatu, maelfu, kila toleo na kila rangi. Ya Isidori nilipata moja, amesimama nyuma ya watu kwenye mazishi ya baba, nusu ya uso imezibwa na bega la mtu.

Jumapili, 15 Juni

Mvua zimekwisha. Kariakoo vumbi limerudi. Nimeituma ile picha kwa shangazi Severa kumuuliza kama ana nyingine. Anazo mbili, atampa mtu anayekuja.

Alhamisi, 3 Julai

Vicky amepiga.

Ilikuwa saa nane mchana, nipo kwenye kona kwa Benedikta. Nilipoona jina nilisimama, nikaenda kujibana ukutani ambapo spika za wauza nguo hazisikiki sana.

"Wifi," akasema. "Nataka ujue kwanza, mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Usiniletee kitu chochote kilichofungwa fundo. Sina nguvu ya hayo."

"Sitaleta."

"Haya." Nikasikia ndoo inawekwa chini, na kuku. "Kahawa za shamba la chini zimeanza kuiva. Aliyekuwa anachuma unajua alipo. Shangazi mgongo wake hauwezi, na mimi peke yangu zitaniangukia. Nimemuuliza kila mtu, kila mtu ana zake. Umebaki wewe."

"Nitakuja."

"Usiseme nitakuja."

Hilo lilinichoma, na lilikuwa haki yake. "Nakata tiketi leo," nikasema. "Ya kesho. Nitakutumia namba ya basi sasa hivi. Lucky yupo likizo, nakuja naye."

"Unajua kuchuma kahawa wewe? Uliondoka hapa na miaka kumi na tisa, na hata wakati ule mama alikuwa anakutuma dukani kuliko shambani. Isidori alikuwa anatuambia."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mtoto wa mlimani na kadhalika. Benedikta alikuwa ananiangalia kutoka chini ya mwavuli wake, gamba mkononi.

"Sijui, Vicky," nikasema. "Nilijua zamani kidogo. Sasa hivi sijui hata ya kuiva inafananaje."

"Nyekundu," Vicky akasema. "Inayobonyea ukiibana. Ya kijani unaiacha. Nitakuonyesha mara moja, sirudii."

"Sawa."

"Na tunaanza saa kumi na mbili asubuhi."

Akakata. Nimekwenda kukata tiketi mbili, nimempa Stella funguo za duka. Aliniuliza auze vipi, aandike nini, nitarudi lini. Nimemwambia auze anavyoona, na kwamba sijui nitarudi lini.